Mungu Ametajwa, Dhehebu Halikutajwa

Watoto wetu wanaifahamu vizuri nembo ya Uganda. Waulize, watakuonyesha ngoma, jua, mawimbi ya ziwa, kahawa na pamba, swala upande mmoja na korongo mwenye taji upande mwingine. Wakifika kwenye utepe wa chini wanasoma kaulimbiu kwa Kiingereza, nasi huku Busia na Malaba tunaisema kwa Kiswahili: Kwa Mungu na Nchi Yangu. Somo linaishia hapo. Naona tunawanyima watoto sehemu nzito kuliko zote.

Nembo hiyo iliidhinishwa mwaka 1962, uhuru ukiwa mlangoni. Kumtaja Mungu mbele ya watu wa Uganda wakati ule hakukuwa jambo jepesi, maana dini ilikuwa imeshatumwagia damu. Mwaka 1888 Waislamu walishika utawala wa ufalme wa Buganda na Wakristo wakakimbilia ufalme jirani wa Nkore. Wakristo waliporudi na kushinda, wakageukiana wenyewe. Januari 1892 Waprotestanti na Wakatoliki walipigana pale Mengo, makao makuu ya Buganda, na bunduki ya Maxim (bunduki ya rashasha) ya Kapteni Lugard, ofisa wa Kiingereza, ikawapa Waprotestanti ushindi. Waliopigana waliitwa Waingereza na Wafaransa, kwa kufuata wamisionari wao, ingawa wote walikuwa Waganda, wengine wa ukoo mmoja. Baada ya hapo hata vyeo vya machifu viligawanywa kwa dini.

Chuki hiyo iliingia kwenye vyama. Chama cha DP (Democratic Party), kilichoanzishwa mwaka 1954, kilionekana ni cha Wakatoliki, na wapinzani wakakiita Dini ya Papa. Chama cha UPC (Uganda People's Congress) kikaonekana ni cha Waprotestanti. Kwa hiyo taifa lililozaliwa Oktoba 9, 1962 lilimtaja Mungu bila kutaja dhehebu lolote, na Mwislamu wa Arua akapata nafasi sawa na Mkatoliki wa Masaka. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa zaidi katika kaulimbiu yetu. Katiba ya 1995 ilifuata njia hiyohiyo: utangulizi wake unamalizika kwa maneno hayo, kisha ibara ya 7 inakataza Uganda kuwa na dini ya taifa. Wapo wanaodai kwamba mambo hayo mawili yanapingana. Siafiki. Kwa historia yetu, moja linalilinda lingine.

Halafu kuna mpangilio. Mungu anatangulia, nchi inafuata, na mtawala hayumo kabisa. Benedicto Kiwanuka, Jaji Mkuu, alichukuliwa mahakamani na wanajeshi wa Idi Amin, aliyekuwa rais wakati ule, Septemba 21, 1972, baada ya kuamuru aachiwe mtu aliyekuwa amezuiliwa kinyume cha sheria. Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Februari 16, 1977, siku chache baada ya yeye na maaskofu wenzake kumwandikia Amin kulalamikia mauaji. Mmoja Mkatoliki, mwingine Mwanglikana, na wote wawili waliitumikia nchi kwa kumkatalia aliyekuwa akiitawala. Sijui mfano mwingine unaoieleza kaulimbiu yetu vizuri kuliko huo.

Ndiyo maana inaniuma kuona maneno haya yakigongwa mwisho wa kila barua ya ofisi na kila hotuba kama muhuri tu. Anayeyaandika chini ya hesabu za uongo za fedha za zahanati anamwita Mungu awe shahidi wa wizi. Bora asiyaandike.

Ningependa walimu wetu wayafundishe kwa matukio. Februari 16 sasa ni sikukuu ya taifa, shule zinafungwa, na watoto wengi wanajua tu kwamba ni siku ya mapumziko. Wiki inayotangulia ingetosha: siku moja vita vya Mengo, siku moja Kiwanuka, siku moja Luwum, na mzee wa msikitini na mzee wa kanisani wakiitwa darasani pamoja kusimulia waliyoyasikia kwa wazazi wao.