Anyanyuliwe, au afundishwe kunyanyuka?

Maisha yetu ya Unguja na Pemba yako chini: mkeka, jamvi, kibao cha mbuzi. Kwa hiyo mtu akipata kiharusi, au magoti yakimchoka, kunyanyuka ndiko kunakomtesa.

Wataalamu wa mazoezi ya viungo wamevutana kuhusu namna ya kumrejesha. Wapo wanaofuata njia ya Berta na Karel Bobath, mke na mume waliofanya kazi London: mtaalamu humshika mgonjwa, akamwongoza nyonga na goti ili asiegemee upande mmoja. Njia hii ina haki yake. Wengi waliopatwa na kiharusi huutwisha mguu mzima mzigo wote, ule dhaifu ukazidi kudhoofika. Tena mkono wa aliyesomea humpa mtu moyo.

Wengine, kama Janet Carr na Roberta Shepherd wa Australia, walisisitiza kwamba kunyanyuka hufunzwa kwa kunyanyuka. Nyayo zirudi nyuma kidogo ya magoti, kifua kiiname mbele, ndipo asimame. Kisha arudie, na arudie tena. Kiti kianze kirefu, kishushwe kadiri nguvu zinavyorudi, maana kiti kifupi huyalemea zaidi magoti na nyonga.

Mimi naelemea huku kwenye marudio. Mtaalamu humwona mgonjwa mara chache, na kwa aliyeko shamba safari ya hospitali humla siku nzima. Nyumbani marudio hayaishi. Chukua sala tano peke yake: rakaa 17, na ndani yake mtu huinuka kutoka chini hadi wima mara 12. Mazoezi gani mengine yatamfikia mzee kila siku kwa mpango kama huo?

Ila marudio yasiyo na jicho la mjuzi nayo yananitia hofu, na hofu kubwa zaidi ni sisi jamaa. Kwa huruma tunamtia mzee mikono makwapani tukamvuta juu, kumbe bega la upande uliopooza limelegea na mvuto ule unaliumiza. Zaidi ya hayo, tukimnyanyua kila mara, miguu yake haipati kazi.

Ndiyo maana ningetaka siku ya kliniki mtaalamu asimshike mgonjwa peke yake. Amwite na binti anayemuuguza, amwonyeshe pa kusimama, pa kuweka mkono, na wakati wa kuuondoa. Na kile kiti cha plastiki kiegamizwe ukutani, kisije kikateleza sakafuni mzee akiwa nusu wima.