Süleymaniye: deni la Sinan kwa Ayasofya

“Shemeji, hii si ileile ya asubuhi?”

Aliyeniuliza ni shemeji yangu, fundi mwashi wa Tanga, mtu mwenye miaka ishirini na ushei ya mwiko na timazi. Tulikuwa uani kwenye Msikiti wa Süleymaniye, Istanbul, na asubuhi ya siku hiyo tulikuwa Ayasofya, kanisa la kale lililogeuzwa msikiti. Jicho lake la kifundi liliona kitu kimoja: kuba kubwa katikati, nusu kuba mbele yake, nusu kuba nyuma yake, na nguzo nne nene za kubeba mzigo wote. Kwa lugha ya saiti, ramani ni moja.

Ubishi huu ni mkongwe. Wako wanaosema misikiti mikubwa ya Waturuki wa Uthmaniya ni Ayasofya iliyotiwa minara, na wako wanaokasirika wakisikia hivyo. Nilipofika nilikuwa kundi la pili. Nimerudi nikiwa sijui nikae wapi, ila najua kila upande umekosea wapi.

Tuanze na wanaosema Sinan, mjenzi wa Süleymaniye, aliiga, maana hoja zao si nyepesi. Ayasofya ilikamilika mwaka 537 kama kanisa kuu la mfalme Justinian, ikageuzwa msikiti mwaka 1453 mji ulipotekwa. Msikiti wa Sultani Bayezid II, uliokamilika 1506 katika mji huohuo, tayari una kuba yenye nusu kuba mbili kwenye mstari wa kibla. Kisha akaja Mimar Sinan, mjenzi mkuu wa dola kuanzia 1539 hadi alipofariki 1588. Msikiti wake wa Şehzade, wa mwaka 1548, aliuwekea nusu kuba nne, pande zote sawasawa, ramani iliyotulia kuliko ya Ayasofya. Lakini alipopewa kazi ya Sultani Suleiman mwenyewe, Süleymaniye iliyojengwa 1550 hadi 1557, akarudi kwenye nusu kuba mbili. Mtu aliyekwisha kupata njia yake, kisha akairudia ya mwenzake, hakupotea. Alitaka watu walinganishe.

Hata mawe yanatoa ushahidi. Mbali na nguzo nne nene zinazobeba kuba, Süleymaniye ina nguzo nne kubwa za matale (graniti) zilizosimama pembeni, mbili kila upande, nazo ni za kale kuliko msikiti. Inasimuliwa kwamba moja ilitoka Aleksandria, nyingine Baalbek, na mbili zilipatikana mjini humohumo. Nilipapasa mojawapo. Ni baridi, laini kama kigae kilichooshwa, na unapojaribu kuikumbatia mikono haikutani.

Upande wa pili una karata moja ambayo watalii wengi hawaifahamu, kwa sababu haiko Istanbul. Iko mji wa Edirne, na jina lake ni Üç Şerefeli, yaani msikiti wa roshani tatu. Ulikamilika 1447, miaka sita kabla ya Istanbul kutekwa, na kuba yake ina upana wa mita 24 hivi. Kwa hiyo Waturuki hawakusubiri kuingia Ayasofya ndipo wajue kufunika ukumbi mpana kwa kuba. Walikuja mjini na ufundi wao mkononi. (Na sisi wa pwani tusiudharau ushahidi wa aina hii. Msikiti Mkuu wa Kilwa uliezekwa kwa kuba za matumbawe na chokaa kabla Sinan hajazaliwa, wala sijasikia mtu akiwaambia mafundi wa Kilwa kwamba waliiga Ayasofya.)

Shida ya pande zote mbili ni kwamba zinabishana juu ya paa. Msikiti hauswaliwi juu ya paa.

Ndani, shemeji hakutazama juu kama watu wengine. Alitazama pembeni, akitafuta mzigo unakwenda wapi. Kuba, alinieleza kwa sauti ya chini, haielemei chini tu. Inasukuma na kwenda nje, kama miguu ya kigoda kibovu inavyotanuka akikikalia mtu mnene. Kuba ya kwanza ya Ayasofya ilianguka mwaka 558, miaka ishirini na moja tu baada ya jengo kukamilika, na tangu ijengwe upya kila zama zimeongeza viegemezo vya mawe nje yake mpaka kwa mbali inafanana na mzee aliyezungukwa na magongo. Sinan naye aliitengeneza miaka ya 1570. Aliyajua maradhi yake kama tabibu.

Süleymaniye nayo ina viegemezo. Ila Sinan aliviingiza ukutani, nusu vikawa ndani na nusu nje, na katikati yake akapitisha vibaraza vyenye matao. Mpita njia anaona baraza la kupumzikia, kumbe anatazama mfupa unaozuia jengo lisipasuke. “Huyu kaficha kazi,” alisema shemeji, na kwa fundi hiyo ni sifa.

Jambo jingine linaonekana ukikaa chini. Ndani ya Ayasofya, pande za kulia na kushoto zimekatwa na safu ya nguzo za ghorofa mbili, na macho yanavutwa kwa urefu, kutoka mlangoni kwenda mbele, kama maandamano ya kanisa yalivyohitaji. Waislamu hawaandamani ndani ya msikiti. Wanasimama bega kwa bega, safu ikinyooka kwa upana. Kwa hiyo Sinan alitoa msitu ule wa nguzo akabakiza zile za matale, mbili tu kila upande, chini ya matao marefu. Aliyekaa pembeni kabisa anahesabiwa kuwa yumo. Ukitazama juu utaiita nakala, ukitazama chini utaona mtu aliyeuliza upya jengo ni la nini.

Halafu kuna masizi. Msikiti uliwashwa kwa mamia ya taa za mafuta, na upepo wa ndani ulipangwa uvute moshi kuelekea chumba kidogo juu ya mlango mkuu, ambako masizi yalikusanywa kutengenezea wino. Hapo shemeji alinyamaza kidogo.

Ningependa kuishia hapo niseme Sinan kashinda kesi, lakini yeye mwenyewe ananiharibia. Katika kumbukumbu zake, alizomsimulia rafiki yake mshairi Sâi Mustafa Çelebi, anasema wajenzi wa Kikristo walidai hakuna Mwislamu awezaye kufikia kuba ya Ayasofya, na kwamba kwenye Selimiye, msikiti wake wa Edirne uliofunguliwa 1575, aliipita kwa kimo na kwa mzunguko. Vipimo vinamkatalia. Upana unakaribiana sana, mita 31 na ushei kila moja, lakini kutoka sakafuni hadi kileleni Ayasofya imeizidi Selimiye kwa zaidi ya mita kumi. Wapenzi wa Sinan hukariri majigambo haya bila kuona yanawaumbua. Mtu ambaye kwenye uzee wake bado anapimana na jengo la miaka elfu moja nyuma hawezi kusemwa hakuwa na deni nalo. Na Selimiye, yenye nguzo nane badala ya nne na kuba moja isiyoegemea nusu kuba kubwa, ndiyo kazi ambayo haikuhitaji majigambo hayo hata kidogo. Leo nayo ina nakala: Msikiti wa Nizamiye huko Midrand, Afrika Kusini, wa mwaka 2012, ni Selimiye kwa asilimia 80 ya vipimo.

Adhana ya alasiri ilipomalizika wageni walirudishwa nyuma na safu zikaanza. Tuliingia ya tatu, upande wa kulia kabisa, karibu na ile nguzo niliyoipapasa. Baada ya salamu shemeji aligeuka, akatazama safu ilivyonyooka hadi ukuta wa pili bila kukatwa na kitu.

“Paa kachukua,” alisema akivaa viatu. “Huku chini ni kwake.”