Wenzetu wanachagua njia, sisi tunachagua saa

Leo kazini hapa Utrecht, Uholanzi, jamaa mmoja kaja kanuna kweli kweli, kisa njia yake ya baiskeli imechimbwa wanabadilisha mabomba, kwahiyo kazungushwa mtaa wa pili na kachelewa kidogo. Na wamewawekea vibao vya njano vya kuwaelekeza, vibao vya baiskeli tu sio vya magari! Nimemsikiliza nikaumia roho, nikawaza nyumbani.

Maana huku mtu wa baiskeli ana njia tatu nne za kufika sehemu moja. Akiwa na haraka anapita iliyonyooka, akiwa na mtoto anazungukia kwenye miti kusiko na magari, upepo ukiwa mkali anajua ipi imekingwa na majumba. Kuna mitaa lami yake nyekundu kabisa, kibao kinamwambia dereva kwamba gari hapa ni mgeni, na dereva anatulia nyuma ya baiskeli.

Kwetu Mwanza sasa. Mjomba wangu alikuwa anatoa dagaa soko la Mwaloni anapeleka Mkuyuni kwa baiskeli. Anayeijua Mwanza aniambie angepita wapi? Huku ziwa huku mawe, ni Makongoro mpaka mjini, halafu Kenyatta, Igogo, ndio umefika, njia ni hiyo hiyo wewe na Hiace na lori na boda. Alichokuwa anachagua ni saa tu, anatoka kabla ya adhana ya alfajiri ili Hiace zisimkute barabarani. Magunia mawili kwenye keria yamefungwa na mpira wa tyubu, Hiace ikimkatia mbele kushusha abiria breki hazishiki kwa uzito ule, anaburuza kandambili kwenye lami mpaka soli inalika upande mmoja, ikishindikana ni mtaroni yeye na dagaa. Pembeni alikoachiwa kidogo pamejaa boda na meza za nyanya, na hao siwalaumu, nao wanatafuta.

Najua mtaanza, "kaenda Ulaya juzi anatufundisha". Mimi wa Igogo, hakuna wa kunionyesha Mwanza, na naipenda kuliko huu mji wenye baridi. "Uholanzi tambarare, sisi milima." Sawa, ndio maana sisi tunatakiwa kupanga vizuri kuliko wao! Kule Portland Marekani watafiti waliwafuatilia waendesha baiskeli kwa GPS, utafiti ukachapishwa 2012, ikaonekana watu wanakubali kuzunguka ili wakwepe mwinuko na magari mengi. Sasa Mwanza tambarare yenyewe ni kile kipande chembamba cha pembeni ya ziwa, reli imepita hapo tangu enzi za mkoloni, lami hapo, maduka hapo, baiskeli ndio haina pake. Mwenye mzigo hawezi kupanda kilima cha Bugando, na ndiye huyo huyo tumembananisha na malori.

Mwingine atasema wazungu wamezaliwa hivyo. Sio kweli jamani, 1971 barabara za Uholanzi ziliua watu zaidi ya 3,000, zaidi ya 400 kati yao watoto, wazazi wakaandamana na watoto wao, wakafunga mitaa, ndio mambo yakaanza kubadilika. Walidai.

Na wa "baiskeli ni za maskini" namuuliza, maziwa unayokunywa Nyakato yamekuja na nini? Mkaa je?

Ninachotaka sio njia za mamilioni ya euro. Kabla hamjapanua barabara nyingine, wapangaji wakae Mkuyuni na Mabatini kuanzia alfajiri, wahesabu baiskeli, wawaulize wenyewe wanatoka wapi, kichochoro gani wanakatishia na wapi wanashuka kusukuma. Njia ya baiskeli waipitishe humo humo wakiunganisha vichochoro hivyo. Na msiniambie hela ya kingo ya kuzuia Hiace isipande pembeni hakuna, mawe Mwanza yapo mpaka uani kwa watu, na mafundi wa kuyachonga tunao.