Sekunde moja ya bango

Mbunifu wa Arusha akimtumia mteja wa utalii nembo ya mlima wa mstari mmoja, mteja karibu huwa na jibu tayari: ongeza twiga. Kesho ni mgunga na jua linalozama, keshokutwa Mmasai na mkuki wake. Raundi ya sita nembo imejaa pomoni, na mteja bado anahisi kuna kinachopungua.

Mteja ana haki yake. Pesa ni zake, na wageni wake anawajua yeye. Wapo pia wabunifu wanaouita uvivu wao usahili.

Lakini chukua bango la barabara ya Moshi–Arusha. Penye makazi gari halitakiwi kuzidi kilomita 50 kwa saa, yaani karibu mita 14 kila sekunde. Wachora mabango wana kipimo chao: herufi ya sentimita 2.5 husomeka vizuri kutoka mita 3 hivi. Basi herufi ya sentimita 30 inampa abiria mita 36, sekunde mbili na nusu. Mteja akitaka namba tatu za simu, orodha ya huduma na picha ya duka viingie humo humo, herufi zinashuka hadi sentimita 10. Mita 12! Hata sekunde moja haifiki, tena kwa abiria aliyekaa dirishani na hajainamia simu. Kila kilichoongezwa kimekatwa kwenye muda wa kusoma jina la duka. Wateja wengi hawaonyeshwi hesabu hii. Wanaambiwa tu "haitapendeza", wakaona wanabishiwa.

Nafasi tupu humuuma mteja kama kiwanja alicholipia kisha hakijajengwa. Uchungu huo ni wa kweli, nami siudharau.

Ila kuwaridhisha wengi si lazima kuzae vurugu. Mwaka 1964 bendera moja ilipaswa kubeba nchi mbili: kijani, nyeusi na manjano za Tanganyika, na bluu ya Zanzibar. Mistari ikalazwa mshazari, kila upande ukajiona, na mtoto wa shule anaichora kwa rangi nne.

Mbunifu achapishe matoleo yote mawili, la herufi kubwa na lililojazwa, kwa vipimo vya bango lenyewe, ayabandike ukutani nje ya ofisi, asimame na mteja mita 12 kutoka hapo, wageuke, wahesabu moja, wageuze shingo tena. Halafu amuulize: "Bosi, umesoma nini?"