Kimenata Ulimini

Njia ya haraka ya kutofautisha mfupa wa kale na jiwe ukiwa korongoni ni kuramba. Mfupa una vitundu vidogo vinavyofyonza mate, kwa hiyo hunata, jiwe huteleza. Asubuhi ile nilimweleza hivyo mwanafunzi mgeni, nikasisitiza aanze na macho: kwanza atafute ule wavu kama sifongo ulio ndani ya mfupa, ndipo arambe. La ulimi alilisikia. La macho lilimpita.

Jua halijapanda, kelele zikatoka mteremkoni: "Nhee! Hinehata!"

Nikamkuta ulimi nje, kibonge cheupe kinaning'inia. Upande mmoja kimechongoka, mwingine kimebonyea. Wavu hakuna. Kwenye ufa wake vimejaa vipande vya mifupa vilivyolainishwa na asidi ya tumbo.

"Mzee, ni fuvu la zamadamu, wale binadamu wa kale?" akauliza alipokibandua.

"Hapana, mwanangu. Ni choo cha fisi."

Fisi hutafuna mifupa, kwa hiyo kinyesi chake hujaa fosfati ya kalsiamu. Kikikauka huwa cheupe na kigumu, na kikifukiwa vizuri hugeuka kisukuku, yaani mabaki ya kale yaliyokuwa kama jiwe. Kina vitundu pia, basi hunata ulimini kama mfupa wenyewe. Kijana alikuwa amesharamba vitatu, eti kuhakikisha.

Akasukutua chupa nzima ya maji. Nikamliwaza kwamba kinyesi kina heshima yake katika kazi hii: mwaka 1976 kule Laetoli, Tanzania, watafiti walikuwa wakirushiana mavi ya tembo, Andrew Hill akikwepa akaanguka, na mbele ya pua yake zikawepo nyayo za wanyama kwenye majivu ya volkano. Mwaka 1978 zikapatikana hapo nyayo za zamadamu, za miaka milioni 3.6 hivi. Na choo cha fisi hakitupwi. Katika pango la Gladysvale, Afrika Kusini, kilikutwa na nywele zinazodhaniwa kuwa za binadamu.

Hakuliwazika.

Tukachomeka bendera, tukapima mahali, tukakiviringisha kwenye karatasi ya chooni. Visukuku vidogo vyote tunavifunga hivyo hivyo, ila siku hiyo hakuna aliyeamini. Ikabaki lebo: tarehe, namba ya eneo, tabaka, aliyeokota. Kijana akaomba mstari wa mwisho uachwe wazi.

"Utaratibu ni utaratibu," akasema mtunza daftari, akamwandika majina yote matatu, kwa wino usiofutika.