Mnaosema "tujitoe Jumuiya", salamu kutoka Kent

Kenya na Tanzania zikikwaruzana tu, simu yangu hujaa. Ilikuwa hivyo Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu, na ikawa hivyo tena Julai 2025 Tanzania ilipowapiga marufuku wasio raia kufanya biashara kama za kutuma pesa kwa simu, saluni na ufundi simu, Wakenya wakaja juu. Hazipiti saa nyingi utakuta mtu ameandika kwenye grupu la ukoo: tujitoe tu Jumuiya ya Afrika Mashariki, mbona Waingereza walijitoa Umoja wa Ulaya na hawajafa?

Ni kweli hawajafa. Naishi nao huku Kent, na ugali wangu unatokana na huko kujitoa kwao, wenyewe wanakuita Brexit. Nyumbani nilikuwa wakala wa forodha Namanga. Huku nilianzia ghalani, kupakia na kupakua, mpaka Uingereza ilipotoka kwenye soko la pamoja la Ulaya usiku wa Desemba 31, 2020, na kila kampuni ikaanza kusaka mtu anayejua kujaza fomu za forodha. Ilikadiriwa kwamba mawakala wapya wapatao 50,000 wangehitajika. Mtu wa Namanga akawa dili. Kwa hiyo mkinisikia naiponda Brexit, jueni anayeiponda ni mnufaika.

Wengi huko nyumbani wanadhani nchi ikijitoa, ushuru unarudi. Hapa haukurudi. Mkataba uliosainiwa Desemba 30, 2020 uliacha ushuru ukiwa sifuri kwa bidhaa zenye uasili wa Uingereza au Ulaya, yaani zilizozalishwa huko. Zilizorudi ni karatasi: tamko la forodha kwa kila mzigo, uthibitisho wa uasili, na kwa kitu chochote kitokanacho na mnyama, cheti cha afya chenye sahihi ya daktari wa mifugo. Januari 2021 maofisa wa forodha wa Uholanzi walionekana kwenye televisheni wakimnyang'anya dereva wa lori sandwichi zake za nyama, maana nyama kutoka Uingereza ilikuwa haiingii tena hivihivi. Tulicheka sana ofisini. Baadaye tukaacha kucheka.

Chukua lori mbili. Ya kwanza ni ya kampuni kubwa, imejaa jibini la aina moja tangu mlangoni hadi mwisho. Cheti kimoja, tamko moja, inakwenda. Ya pili wamechangia wafanyabiashara wadogo: huyu ana soseji, yule jibini la mbuzi, mwingine siagi kidogo na samaki wa kukaushwa. Kila mmoja na makaratasi yake. Mmoja wao daktari wake akisaini kwa wino wa rangi ileile ya maandishi yaliyochapwa, cheti kinakataliwa, na lori yote inasimama na mali za wenzake zinazoharibika. Nimewahi kukaa na simu sikioni mpaka usiku nikimtafuta daktari wa mifugo asaini upya, huku dereva ananiuliza kila baada ya muda kama alale au asubiri. Kwa mizigo inayoingia huku kutoka Ulaya, Aprili 30, 2024 bidhaa nyingi za aina hiyo zinazopitia bandari ya Dover au njia ya reli chini ya bahari zilianza kutozwa paundi 29 kwa kila aina, hadi paundi 145 kwa mzigo. Mwenye makontena hasikii kitu. Mwenye duka dogo la vyakula vya Kiitaliano hapo London anaisikia mpaka kwenye mfupa.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Uhuru wa kujiamulia unakwenda serikalini, gharama inakwenda kwa mfanyabiashara mdogo. Mtengeneza jibini mmoja wa Cheshire alilalamika hadharani mwanzoni mwa 2021 kwamba kifurushi cha zawadi cha paundi 30 hivi kwenda kwa mteja wa Ulaya kilihitaji cheti cha paundi 180. Biashara hiyo inafutika, wala haionekani kwenye picha za mawaziri wakisaini mikataba. OBR, ile ofisi inayokagua hesabu za bajeti ya nchi hii, inakadiria kwamba tija ya uchumi kwa muda mrefu itakuwa pungufu kwa takriban asilimia 4 kuliko kama wangebaki.

Faida zipo, na atakayesema hazipo ni mshabiki. Uingereza sasa inajipangia ushuru wake. Ilijiunga na kundi la biashara la nchi za Pasifiki Desemba 2024. Na Marekani ilipoanza kutoza ushuru karibu kila nchi mwaka 2025, Uingereza ilipangiwa asilimia 10 wakati bidhaa nyingi za Ulaya ziliishia asilimia 15. Kwa kiwanda kinachouza Marekani hilo si jambo dogo. Zile paundi milioni 350 kwa wiki ambazo wapiga kampeni wa kujitoa waliandika ubavuni mwa basi jekundu kwamba zinakwenda Ulaya, tuziache huko huko kwenye basi.

Halafu kuna sisi wahamiaji. Wengi nyumbani hawajui kwamba raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi hapa, Watanzania na Wakenya tukiwemo, tuliruhusiwa kupiga kura ile ya Juni 23, 2016, wakati Mpoland aliyekaa hapa miaka ishirini bila kuchukua uraia hakuruhusiwa. Mimi nilipiga ya kubaki. Ninao jamaa waliopiga ya kutoka, na hesabu yao ilikuwa nyepesi: Wapoland wakiondoka, nafasi ni zetu. Kwa muda walipatia. Februari 2022 mlango wa visa ulifunguliwa kwa watunza wazee na wagonjwa, wakaja Wazimbabwe, Wanigeria, na Wakenya nao. Machi 2024 wakakatazwa kuja na familia. Julai 2025 mlango ukafungwa kabisa kwa waajiriwa wapya kutoka nje. Nafasi unayopewa kwa sababu jirani amefukuzwa haina mkataba mrefu.

Turudi nyumbani. Enzi zangu Namanga lori ilikaguliwa upande wetu, ikavuka, ikaanza foleni upya upande wa Kenya. Desemba 2018 Rais Magufuli na Rais Kenyatta wakazindua kituo cha pamoja cha huduma mpakani, gari ikawa inasimama mara moja. Miezi ileile, Waingereza walikuwa wanatafuta viwanja vya kuegesha malori yatakayosimama. Sisemi Jumuiya yetu ni pepo. Mwaka mmoja tu kabla ya uzinduzi huo tuliteketeza vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya, hapo hapo Namanga.

Na sisi kuvunja tunakujua. Mwaka 1977 Jumuiya ya kwanza ilikufa, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983. Tulipata kitu: Air Tanzania ilizaliwa mwaka uleule, na mtalii aliyekuwa akilala Nairobi na kuja Serengeti kupiga picha akalazimika kulala Arusha. Lango la Bologonja, kati ya Serengeti na Maasai Mara, halijafunguliwa kwa watalii mpaka leo, na watu wa hoteli Arusha hawalilii. Waliolia ni wazee wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, waliodai mafao yao kwa miongo kadhaa. Mliokuwa Dar mnakumbuka walivyokuwa wakikusanyika barabarani, wengine na mikongojo.

COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, tuliiaga mwaka 2000, hakuna aliyeandamana. Tulikuwa na SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki ilikuwa imeshasainiwa Arusha. Uingereza ilitoka kwenye soko linalonunua karibu asilimia 41 ya inachouza nje, bila soko lingine la ukubwa huo jirani. Sisi tukitoka leo, mwenye dhahabu hatasumbuka, maana dhahabu yake haiuzwi Kajiado, ng'ambo ya mpaka kule Kenya. Atakayesumbuka ni mama anayevusha vitunguu na mahindi, ambaye leo kwa mzigo usiozidi dola 2,000 anapata cheti rahisi cha uasili palepale mpakani. Kikiondolewa atarudi njia za panya, na huko kuna wenyewe.

Mei 2025 London na Brussels zilikubaliana kuandaa mkataba wa kuondoa sehemu kubwa ya vyeti hivi vya vyakula na mifugo. Bosi wetu ameshatutahadharisha kwamba ukipita, kitengo chetu kitapunguzwa. Mimi nitakosa ovataimu, na bado nautaka upite.