Kebo nne, tundu moja: fundi ana hoja, hadi umeme urudi

Kwenye nyumba ya mbao inayojengwa Ndosho, mtaa wa Goma, fundi umeme alikuwa amekwisha kupitisha kebo nne katika tundu moja la shevron, yaani nguzo ya mbao ya fremu ya ukuta. Amezifunga pamoja, kisha akashindilia kipande cha gunia ili upepo na panya wasipate njia. Kebo zilizobanana hupashana joto, kwa hiyo nilimuuliza kwa nini asizitenganishe.

"Papa, mbao yenyewe ina unene wa vidole vitatu. Joto litakaa wapi hapo?"

Sikuwa na jibu palepale. Goma ni mji wa mbao: tangu lava ya Nyiragongo ipite katikati ya mji Januari 2002, watu wengi wamejenga tena juu ya mawe yaleyale kwa mbao na mabati. Kwa hiyo swali lake linahusu kuta nyingi.

Nchi ambayo imelifikiria sana jambo hili ni Marekani, kwa sababu nyumba zao nyingi zina fremu za mbao. Kanuni yao ya umeme, NEC, inasema kwamba kebo zikilala pamoja bila nafasi kwa zaidi ya milimita 600, ampea za kila waya, yaani kiasi cha umeme unachoruhusiwa kubeba, zipunguzwe. Chini ya urefu huo kuna msamaha, maana shaba hubeba joto na kulitoa pande zote mbili za mbao. Yaani fundi wangu, bila kusoma kitabu chochote, alikuwa anatetea kifungu cha sheria.

Lakini kuna kifungu kingine. Kebo zaidi ya mbili zikipita bila nafasi katika tundu moja la mbao, na tundu hilo likazibwa kwa povu, kwa gundi ya kuzibia au kwa sufu ya kuzuia joto, msamaha unafutwa hata kama urefu ni sentimita 5 tu. Hapo waya zinazobeba umeme zinahesabiwa: 4 hadi 6, zibaki na asilimia 80 ya ampea zake, 7 hadi 9, asilimia 70, 10 hadi 20, asilimia 50. Povu halijulikani sana Ndosho. Kwa maoni yangu, gunia lililoshindiliwa linafanya kazi ileile, tena lenyewe linashika moto.

Sasa tuhesabu. Waya wa Kimarekani wa karibu milimita mraba 3.3 wenye ngozi ya kuvumilia nyuzi 90 huanzia ampea 30. Kebo nne, zenye waya mbili zinazobeba umeme kila moja, ni waya nane. Asilimia 70 ya 30 ni 21. Kwa disjonkta ya ampea 20, ile swichi inayojikata yenyewe, inapita. Kebo ya tano ikiingia, waya zinakuwa kumi, ampea zinashuka hadi 15, haipiti tena. Fundi wangu amepona kwa kebo moja.

Amepona Marekani. Huku tunafuata njia ya Ulaya: volti 220 hivi, waya wa milimita mraba 2.5 kwa prizi (soketi), na ngozi ya PVC inayovumilia nyuzi 70. Nyuzi 20 zinazowapa Wamarekani nafasi ya kupumua hatunazo. Katika kanuni ya kimataifa, IEC 60364, waya huo ukipita ndani ya tiyo (bomba la nyaya) juu ya ukuta unahesabiwa ampea 24. Weka saketi nne pamoja, zidisha kwa 0.65, unapata 15.6. Disjonkta ya ampea 20 itauacha ubebe zaidi ya hapo kutwa nzima bila kukata. Haki itendeke, namba hiyo 0.65 ni ya kebo zinazosafiri pamoja njia nzima, si za kukutana kwenye tundu tu na kuachana. Gunia ndilo linalonizuia kumalizia hapo.

Hoja nzito zaidi ya fundi aliitoa baadaye, akiwa anakunja waya: "Na nani atawasha vyote kwa mara moja?" Hata kanuni ya IEC inamsikiliza hapa, kwa kuwa kebo isiyobeba zaidi ya asilimia 30 ya uwezo wake uliopunguzwa inaweza kuachwa nje ya hesabu ya kundi. Kebo ya taa za LED na ile ya kuchajia simu hazina uzito wowote. Joto hupanda kwa mraba wa ampea, kwa hiyo waya wa ampea 8 unatoa robo tu ya joto la waya wa ampea 16. Katika nyumba ya taa tatu na televisheni, kebo nne kwenye tundu moja hazitamchoma mtu, na anayesema vinginevyo anauza hofu.

Ila hoja ya "si vyote kwa mara moja" imetungwa mahali ambapo umeme uko saa zote. Hapo mmoja anapiga pasi asubuhi, mwingine anapika jioni, mzigo unajigawa wenyewe. Sisi tuna delestaji, yaani mgao wa umeme. Umeme ukikatika mchana na kurudi saa moja jioni, kila mtu aliyekuwa akiungoja anaamka pamoja na mwenzake: resho (jiko la umeme), pasi, friji, betri za akiba, ndoo ya maji yenye kichemshio. Resho la wati 2000 peke yake linavuta karibu ampea 9, na maharagwe hayaivi kwa dakika kumi. Mgawanyo ambao kanuni inautegemea ndio ambao delestaji inauvunja.

Na resho zinaongezeka. Tangu mitambo kama ule wa maji wa Matebe, wa hifadhi ya Virunga, na ile ya jua ya kampuni ya Nuru iongezwe kando ya SNEL, shirika la umeme la serikali, kupika kwa umeme badala ya makala (mkaa) si ndoto tena kwa baadhi ya kaya, na kwa ajili ya msitu wa Virunga nafurahi. Nyumba iliyofungwa nyaya kwa ajili ya ampuli (balbu) inageuka jiko bila ukuta kufunguliwa. Disjonkta nayo haitasaidia: inapima ampea za kebo yake tu. Kebo nne zikibeba 16 kila moja, disjonkta nne zote zinaona mambo ni salama, huku tundu likizidi kupata joto.

Kutenganisha nako kuna gharama yake. NEC inataka ukingo wa tundu uwe milimita 32 kutoka ukingo wa mbao, ili msumari usifike kwenye kebo. Mbao yao ya ukuta ina milimita 89, kwa hiyo katikati panabaki 25. Shevron ya sentimita 7 inabakiza milimita 6! Hata kebo moja haipiti kihalali bila kibamba cha chuma cha milimita 1.6 mbele yake, na kipande cha bati la paa ni chembamba mno kuzuia msumari. Kila tundu la ziada ni kibamba kingine, na nguzo inazidi kudhoofika. Mimi ningepitisha kebo za mzigo mkubwa nje, juu ya mbao, pale jicho linapoziona zikibadilika rangi. Mwenye parseli, yaani mwenye kiwanja na nyumba, hataki kusikia hilo. Triplex, mbao nyembamba za kufunika ukuta, ameinunua ili ukuta uwe safi.

Nikiwa na pesa kidogo tu za kurekebisha nyumba ile, ningeanza na maungio yaliyosokotwa kwa mkono na kufungwa plastiki. Hayo yananitisha kuliko tundu. Lakini maungio hayakuwa swali la siku ile.

Tulifikia hapa: kebo ya resho inapata tundu lake, umbali wa kiganja chini ya lile la kwanza, pamoja na kibamba. Tatu zinabaki palepale, bila gunia.

"Na panya, Papa?"

Nikamwambia amuulize mwenye parseli.